Diwani Aliyeitwa Ndugu

Mjomba wangu Kasim Idrisi alikuwa mtu wa katikati. Pale Majengo, Embu, wako wanaomsifu kwa hilo mpaka leo; mimi sijui kama ni sifa. Katika miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na watu wa msituni na kila mtu alitakiwa aseme yuko upande gani, yeye alikuwa akisema kwamba pande zote mbili zina watoto wanaotaka kula. Wazungu waliyapenda maneno hayo kwa sababu hayakuwatukana, na watu wa vijijini waliyapenda kwa sababu hayakumchongea mtu yeyote. Serikali ilipotafuta Mwislamu wa kumteua katika Baraza la wilaya, haikutafuta sana. Jina lake liliposomwa hakuna aliyenung'unika, hata mama yangu, Mwanatatu, dada yake wa tumbo moja, ambaye kunung'unika kulikuwa kama kazi yake ya pili.

Kazi ya mjomba hasa ilikuwa bucha. Mjini kwetu wachinjaji walikuwa Waislamu, ili nyama iliwe na kila mtu, na Majengo ndiko walikotoka. Bucha yake ilikuwa ya mabati, na mlangoni aliweka benchi kwa ajili ya wazee wanaopenda kuzungumza wakati nyama inakatwa. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Mtu akija amevimba kwa hasira, kwamba askari wamemvunjia nyungu au wamemchukulia ng'ombe, mjomba alimkalisha hapo, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akalipeleka neno lake barazani likiwa limepoa. Mara nyingi lilisikilizwa. Ndivyo alivyoondoa amri ya kuwachimbisha mtaro wajawazito wa Kianjokoma, na ndivyo alivyopata ruhusa ya wanawake kwenda mtoni bila kupigiwa kelele na walinzi. Mambo madogo, mtu atasema. Muulize aliyekuwa na mimba.

Baba yake mjomba, Idrisi, alikuja Embu na msafara wa serikali akitokea upande wa Tabora. Alikuwa mpagazi, akachoka kubeba, akabaki. Mama yake alikuwa Mmbeere wa nchi kavu, kule chini kwenye mvua haba, karibu na Gachoka. Alizaliwa Karimi, akamfuata Idrisi mjini, akasilimu na kuitwa Mwanarusi, na kwao wakasema wamempoteza. Basi mjomba na mama yangu walikua wakiwa watu wa Majengo tu. Kwa serikali walikuwa Waswahili, na wakati Waembu na Wameru walipofungwa na pasi na vibali, wao walitembea. Watu waliwaonea gere.

Lakini mjomba alikuwa na kidonda chake. Wanaume wakikutana huku kwetu, hata katika harusi, baada ya salamu huulizana ukoo. Huyu anasema wake, yule anasema wake, halafu wanagundua kwamba babu wa huyu alimpa mke babu wa yule, na kicheko kinaanza. Swali likimfikia mjomba, alikuwa akitazama viatu vyake. Mama aliniambia kwamba tangu utoto alijua ni lini kaka yake anatazama viatu. Diwani mzima, mwenye kofia nzuri na koti la khaki lililopigwa pasi, na bado kitu hicho kilimuuma.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Gitari, mfugaji wa upande ule ule wa Gachoka. Gitari alikuwa Mkristo wa misheni, mwembamba, mpole, na mjuzi wa mbuzi. Kila juma aliswaga mbuzi kwa miguu mpaka mjini, akalala kwa mjomba, na asubuhi wakachinja pamoja. Mjomba alielekeza kichwa cha mbuzi kibla na kusoma lake, Gitari alishika miguu, akafumba macho na kusema lake kwa Kimbeere, taratibu. Mjomba alikuwa akitania kwamba mbuzi wa Gitari ndio pekee Embu nzima wanaokwenda na dua mbili. Rahema, mke wa mjomba, alimwekea Gitari sahani yake mwenyewe, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kulia humo.

Gitari hakumwita Kasim, wala diwani. Alimwita mwana wa Karimi. Na alipopata binti wa tatu, alimpa jina la Karimi. Kwa desturi ya Wambeere jina hilo halikuwa lake kumpa yule mtoto. Lilistahili kutoka upande wa mama mzazi, na wakwe zake walikasirika kweli. Yeye akasema kwamba jina hilo lilipotelea mjini, basi analirudisha nyumbani. Mjomba alifurahi, akamtumia mtoto kanga na kipande cha sabuni ya kunukia, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Hakuelewa amepewa nini. Nikifika hapa katika hadithi hii huwa nataka kumtikisa mabega, na alikwisha kufa zamani.

Kwa sababu ukoo aliokuwa akiutafuta Gitari alikuwa amekwisha kumpa, kumbe yeye alienda kuupokea kwa mtu mwingine. Ulikuwa mkutano wa wafanyabiashara Waafrika kule Meru, mwanzoni mwa Hali ya Hatari. Alikuwako bwana mmoja wa Kanyakine, Mukiri, mwenye lori na maduka, mtu mnene mwenye kucheka kwa mwili mzima. Wakati wa chai wakaulizana koo. Mjomba akatazama viatu. Mukiri hakumwachilia.

"Na mama yako? Mama alitoka ukoo gani?"

Mjomba akautaja ukoo wa mama yake. Mukiri akaweka kikombe chini, akasimama, akamwondolea mjomba kiti kilichokuwa na mguu mbovu, akampa chake. "Basi wewe ni gichiaro yangu," alisema mbele ya watu wote. "Mimi siwezi kukaa na wewe umesimama."

Wasomaji wa mbali lazima niwaeleze. Gichiaro ni undugu wa kale kati ya ukoo na ukoo, uliofungwa na mababu kwa kiapo, na huku Meru, Mbeere na Tharaka unaogopwa kuliko undugu wa damu. Gichiaro wako akiingia shambani mwako akavuna, humwulizi. Humdanganyi, humwozi binti yako, humpigi. Na akikuomba kitu, humnyimi. Ukimnyima, wazee watakwambia habari za watu waliovimba miguu, na za watu walioota na hawakuamka tena.

Mjomba alirudi Embu kichwa kimevimba. Alisimulia habari ya kile kiti kwa Rahema, akasimulia msikitini, akasimulia buchani. Rahema alimwambia, "Kasim, hicho kiti kimekwisha kaliwa na Embu nzima, kipumzishe." Akacheka, akaendelea. Tangu siku hiyo, akiulizwa ukoo, aliinua uso na kusema yeye ana gichiaro Imenti, upande wa Meru, mtu mkubwa wa Kanyakine.

Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nne mvua ilikataa kunyesha nchi kavu. Mtama ulikauka ukiwa urefu wa goti. Wambeere wa upande wa Gachoka hawakuwa na kitu cha kushika isipokuwa mbuzi: waliwauza katika soko lao la mbuzi, na kwa walichopata wakanunua mahindi na maharagwe kwa watu wa juu, kwenye mvua. Soko hilo ndilo lililokuwa chakula chao, na kila mtu alilijua hilo. Lakini kukawa na uvumi kwamba mbuzi wa pale wanaingia msituni kulisha wapiganaji. Mkuu wa wilaya, DC, akataka kulifunga. Hata hivyo alisema atalisikia Baraza kwanza, na wote waliohusika walijua maana yake. Katika mambo ya nyama alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu mmoja. Mjomba na wachinjaji wenzake ndio walionunua karibu mbuzi wote wa soko lile. Alijua kila mnyama anakokwenda. Akisema mbuzi hawa wanaishia kwenye kulabu zangu, soko lingebaki wazi.

Gitari alikuja na mbuzi kama kawaida. Walikuwa wamekonda, na alikuwa na haya kuwaleta. Walichinja, wakala, wakakaa kwenye benchi.

"Nimesikia hiyo maneno ya soko," Gitari alisema.

"Hata mimi nimesikia," mjomba alijibu.

Gitari akatikisa kichwa, akaanza kuzungumzia mawingu. Habari ya soko hakuigusa tena. Wakati wa kuondoka alimwambia Rahema kwamba Karimi mdogo sasa anajua kuhesabu mbuzi, ila anamruka beberu kwa sababu anamwogopa. Mjomba alipobaki na mkewe alimwambia amekwisha panga atakavyosema barazani: atataja bucha moja moja, na wachinjaji, na njia wanayopita. Rahema aliniapia kwamba mumewe alikuwa ameshakata shauri.

Mukiri alifika siku iliyofuata, baada ya swala ya alasiri. Aliliacha lori lake barabarani, akaingia buchani akiwa na kibuyu cha asali, akakataa kukaa mpaka mjomba akae. Mama yangu alikuwa nyuma ya pazia akiosha matumbo, na mazungumzo yote aliyasikia.

"Gichiaro," Mukiri alisema, "mimi tangu tujuane sijakuomba kitu."

"Hujaniomba."

"Leo nakuja kukuomba kitu moja tu, na si kitu ya kubeba. Kesho hapo barazani wataongea maneno ya soko ya Gachoka. Wewe nyamaza."

Mjomba alikisogeza kando kile kibuyu. "Ninyamaze vipi? Nitaulizwa."

"Ukiulizwa, sema huna la kusema. Sikuambii useme uwongo, gichiaro hasemeshwi uwongo. Wacha tu serikali iamue yenyewe."

"Wale watu watakula nini?"

"Serikali itanunua mbuzi yao. Mimi mwenyewe nitapewa hiyo kazi, nimeshaongea na wakubwa. Kambi zote za serikali kutoka hapa mpaka Meru zinataka nyama, na zinataka mchinjaji Mwislamu. Nani mwingine nitamchukua kama si wewe?" Akamshika mkono. "Lakini sikuombi kwa sababu ya kazi. Nakuomba kwa ile kitu ya mababu. Unajua haikataliwi."

Mama alitoka nyuma ya pazia na mikono yake ikivuja maji, akamtazama kaka yake. Mjomba hakumtazama. Mukiri alipoondoka mama alimwuliza, "Wewe si Mwislamu? Gichiaro inakufunga na nini?" Alimjibu kwamba yako mambo mwanamke hayajui. Huyo ndiye mtu wa katikati niliyewaambia.

Mimi nimelifikiria jambo hili maisha yangu yote, na nasema wazi: hakuogopa laana. Aliijua dini yake. Wala hakuvutwa na nyama ya kambi, ingawa wabaya wake walisema hivyo. Aliogopa kurudi kuwa mtu asiye na kwao. Alikuwa amepewa ukoo mbele ya watu, na sasa ukoo ulikuwa unamwomba kitu kwa mara ya kwanza. Mtu aliyezaliwa nao angeweza kubishana, hata kukataa na kwenda kutozwa mbuzi na wazee yakaisha. Yeye hakujua kwamba hata ndugu hukataliwa. Alidhani undugu ni kutii.

Barazani wakazungumza wengine, wengi kwa woga. Chifu mmoja alisema soko lifungwe, mwingine akasema lisifungwe ila liwekewe askari. Kisha DC akamgeukia mjomba.

"Bwana Kasim, wewe ndiye unanunua mbuzi wa huko. Unasema nini?"

Madiwani waliokuwapo walisimulia baadaye kwamba mjomba alisimama, akashika ukosi wa koti, na kwa kitambo kizuri walidhani anapanga maneno. Kisha akasema, "Sina la kusema, bwana."

"Huna?"

"Sina."

DC alimtazama, akaandika kitu, na shauri likaisha hapo. Kimya cha mtu anayejua kilimtosha kuwa jibu. Kama mjomba angekuwa mlevi au mropokaji, kunyamaza kwake kusingedhuru mtu.

Nje, kwenye nyasi, Gitari alikuwa amekaa na kofia yake magotini. Alikuwa ameomba kibali akaja kwa miguu, akasema anataka tu kusikia. Mjomba alipotoka Gitari aliinuka, akatabasamu.

"Imeisha?"

"Imeisha," mjomba alisema.

"Basi mimi narudi, mwana wa Karimi. Jua litanikamata njiani." Hakuuliza kilichosemwa. Aliondoka akiwa ametulia kabisa, na mjomba alisimama pale akimtazama mpaka alipoipita ofisi ya posta. Gitari alikuja kuijua habari yenyewe siku ya soko, alipofika na mbuzi wake akakuta miiba imezungushwa pande zote na askari wanawarudisha watu.

Yaliyofuata yanajulikana huku, ingawa hayasemwi sana. Amri ilikuwa mbuzi wasitembezwe isipokuwa kwenda kwa mnunuzi wa serikali, na mnunuzi alikuwa Mukiri. Alikuja alipotaka, akachukua wanono, akawaacha waliokonda, na katika ukame wengi ni waliokonda. Watu wa juu hawakuruhusiwa kushuka na mahindi. Wambeere walikula mbuzi wao wenyewe mpaka wakaishiwa, wakachemsha majani ya mwituni na matunda machungu. Kisha surua ikaingia katika watoto wenye njaa, na surua haihitaji kibali cha kutembea.

Wakati huo lori la Mukiri lilikuwa likisimama machinjioni kila alfajiri, na mjomba alikuwa akichinja kwa ajili ya kambi zote. Alinenepa kidogo, mama alisema, na hakuwa akilala vizuri. Gitari hakuja. Sahani yake Rahema aliiosha akaiweka juu ya kabati.

Habari ililetwa na Kathambi, mdogo wa bibi yangu, mama mdogo wa mjomba, kikongwe mwenye ugoro na ulimi mkali. Alipata kibali cha kuja hospitali, lakini hospitali hakwenda. Alikuja moja kwa moja buchani, akaketi kwenye benchi, akavuta ugoro kwanza.

"Karimi amezikwa," alisema.

Mjomba alidhani anazungumza habari za marehemu mama yake, akadhani uzee umemwingia. "Mama alizikwa zamani, mama mdogo."

"Ule mdogo. Wa Gitari. Surua." Akafuta pua. "Watoto ni wengi, lakini ule ndio ulikuwa na jina yetu. Mimi nataka kukuuliza, mwanangu. Watu wanasema wewe ulinyamaza kwa sababu ya gichiaro. Ni uwongo, si ndiyo?"

Mjomba akamweleza. Alimweleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza barazani: Mukiri, kile kiti, ukoo, ombi. Kathambi alisikiliza mdomo wazi. Mama anasema mwishoni kile kikongwe kilicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, kisha kikaanza kulia hapo hapo.

"Gichiaro inapita kwa baba," alisema. "Kwa baba, Kasim. Mtoto anachukua ya baba yake. Baba yako alikuwa mpagazi wa Tabora, gichiaro yake ni nani, ni mzigo? Hata mtoto anachunga mbuzi anajua hiyo. Kwa nini hukuniuliza?"

Kwa nini hakuuliza? Kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hajui, na mtu asiyejua mambo ya ukoo ni mtu wa Majengo tu. Kosa hilo Mmbeere asingelifanya, wala Mmeru, wala mtu wa pwani aliyekuja na dini yake na mambo yake yakamtosha. Lilimngoja mtu wa aina yake.

Alipanda lori siku hiyo hiyo mpaka Kanyakine. Alimkuta Mukiri dukani, na Mukiri akamkumbatia. Mjomba akamwuliza kama alijua. Mukiri hakukana. "Mimi nilikuita tu, Kasim," alisema, na kwa mara ya kwanza hakumwita gichiaro. "Wewe ndio uliitika."

Mjomba alijiuzulu udiwani kabla mwaka haujaisha. Alimwambia DC kwamba mtu asiye na la kusema asikae mahali pa kusemea. DC alidhani ni uchovu, akamsifu kwa utumishi wa kiungwana. Rahema alitegemea kwamba ataiacha na nyama ya kambi pia. Hakuiacha, si mara moja. Hapa ndipo mimi na mjomba hatukuwahi kupatana, hata alipokuwa mgonjwa na mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha. Nilimwuliza, akasema kwamba alitaka kwanza awe na nguvu kuliko Mukiri, kwa kuwa mtu mnyonge hawezi kufungua soko lililofungwa. Labda ni kweli. Labda pia alikuwa amezoea.

Hata hivyo nguvu aliipata. Aliachana na Mukiri, akanunua lori lake, akafungua bucha Kianjokoma na duka la ngozi, na wafanyabiashara Waafrika wa wilaya wakamchagua kuwa mwenyekiti wa chama chao. Alikuwa mwenyekiti mzuri, kuliko hata alivyokuwa diwani. Aliwapigania akina mama wapate leseni za chai. Aliwatuliza Wakristo na Waislamu walipogombania machinjio. Alikuwa akisema kidogo, na kila aliposema kulikuwa na soko la Gachoka ndani yake, mpaka wenzake wakaona amekuwa na kichaa cha soko moja. Alikwenda kwa DC yule, akaja mwingine, akaenda kwa huyo naye. Mwishowe, Hali ya Hatari ikielekea ukingoni, miiba iliondolewa.

Siku ya kufungua walimfanyia sherehe. Walimkalisha mbele, wakaimba, msemaji mmoja akasema kwamba Mungu ameinua mtoto wa mpagazi awarudishie Wambeere chakula chao. Watu walipiga vigelegele. Mama anasema mjomba alikaa na uso wa mtu anayesomewa hukumu, na wale watu maskini wakadhani ni unyenyekevu. Akaombwa aseme neno. Alisimama, akawatazama, akasema asanteni, akakaa. Katika watu wote wale Gitari hakuwamo.

Asubuhi yake alimwomba mama yangu wafuatane. Walikwenda kwa lori mpaka njia ilipokwisha, kisha kwa miguu. Boma la Gitari lilikuwa limepungua; zizi kubwa lilikuwa tupu, limebaki dogo. Yeye mwenyewe alikuwa ameota mvi. Aliwapokea kwa adabu zote. Alileta vigoda viwili, akavipangusa kwa mkono, akampokea mama mzigo wake. Mkewe alileta uji, akawasalimu bila kuinua macho, akaingia ndani.

"Karibu, Bwana Mwenyekiti," Gitari alisema.

Mama aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua wamechelewa. Mjomba alijikaza, akasema yote, bila kujipendelea. Alisema alivyoitwa ndugu na Mukiri, alivyofurahi, alivyoombwa, na kwamba jambo lenyewe halikuwa na msingi hata kidogo, na kwamba yeye alikuwa mjinga aliyemuuza rafiki yake kwa ajili ya jina ambalo halikuwa lake. Akasema hakuja kumwomba amsamehe, kisha akamwomba amsamehe. Alikuwa analia.

Gitari alisikiliza akiwa ameinama, akichora udongo kwa kijiti.

"Hapana," alisema. "Wewe usijisumbue sana na hiyo. Kosa ni yangu."

"Yako vipi?"

"Ile siku nilileta zile mbuzi zimekonda, mke wangu alikuwa ameniambia, mwombe akusemee. Mwambie waziwazi, kwamba tutakufa. Mimi nikamgombeza. Nikamwambia ule ni ndugu, mtu haombi ndugu yake kama anaomba karani." Akaufuta ule mchoro kwa kiganja. "Yule wa Kanyakine alikuja akakuomba. Mimi sikuja. Ningekuomba, ungesema. Mama Karimi ananiuliza hiyo neno mpaka leo, kwa nini sikukuomba."

Gitari alimgusa mjomba bega, akainuka, akaenda kuwafungulia mbuzi waende kunywa maji.